Nira na Mwenzi: Dini ya Kikristo na Uchaguzi wa Rafiki na Mchumba katika Riwaya Mbili

Lugha yetu ina neno moja, mwenzi, ambalo hutumika kwa mtu wa safari, mtu wa kazi, mtu wa siri na mtu wa ndoa. Mume humwita mkewe mwenzangu, na mvuvi humwita vivyo hivyo yule anayevuta naye jarife. Neno rafiki nalo, ambalo tulilipokea katika Kiarabu, kwa asili yake ni mtu wa kufuatana naye njiani. Lugha, basi, haikuona haja ya kujenga ukuta mrefu baina ya urafiki na unyumba. Iliviona kuwa ni vyumba viwili vya nyumba moja. Nalitaja jambo hili mwanzoni kwa sababu waandishi walioeleza maisha ya Wakristo katika Afrika ya Mashariki wametuonyesha, mara nyingine pasipo kukusudia, nyumba ambayo chumba kimoja kimetiwa makufuli na cha pili kimesahauliwa kabisa. Mlango wa uchumba una walinzi; mlango wa urafiki hauna hata mtu wa kuuulizia.

Riwaya nitakazozitazama ni mbili. Ya kwanza ni The River Between ya Ngũgĩ wa Thiong'o, iliyochapishwa mwaka 1965, mwandishi alipokuwa bado akiitwa James Ngugi. Wasomaji wa Kiswahili waliipata baadaye kwa jina la Njia Panda. Ya pili ni Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971. Waandishi wote wawili waliijua nyumba hii kwa ndani. Ngũgĩ, aliyezaliwa mwaka 1938 na kufariki mwaka 2025, alisoma katika shule ya Alliance huko Kikuyu, shule iliyoasisiwa na misheni za Kiprotestanti, na katika ujana wake alikuwa Mkristo wa kushika dini. Ilikuwa mwaka 1970 alipotamka mbele ya mkutano mkuu wa Kanisa la Presbiteri kwamba yeye si Mkristo. Kezilahabi, aliyezaliwa Namagondo katika kisiwa cha Ukerewe mwaka 1944 na kufariki mwaka 2020, alipita katika seminari ya Kikatoliki kabla ya kuingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mtu aliyelala chini ya paa hujua mahali linapovuja.

Husemwa aghalabu kwamba riwaya hizi zinaishitaki dini kwa kuwakataza vijana kupendana. Shitaka hilo ni jepesi, na nadhani linawapunja waandishi. Kila jamii duniani hutia mkono katika uchaguzi wa wachumba, na dini isiyokuwa na la kusema juu ya rafiki na mke ingekuwa dini ya siku moja katika juma. Kosa ninaloliona likionyeshwa katika vitabu hivi ni jingine. Ni kwamba ndani ya nyumba hizi imani iliachwa iseme kwa kinywa kimoja tu, kinywa cha baba; na vinywa vingine vyote, cha mama, cha ndugu, cha jamaa, cha rafiki, vikazibwa. Kijana akabaki na amri badala ya shauri. Ilipofika siku ya kuchagua, na siku hiyo haikosi kufika, hakuwa na mtu wa kumwuliza.

Neno linalotajwa sana Wakristo wanapozungumza juu ya jambo hili ni nira. Katika Waraka wa Pili kwa Wakorintho Mtume Paulo aliwaonya waumini wasitiwe chini ya nira moja na wale wasio wa imani yao, na mahubiri ya uchumba hayakosi mfano huo. Mfano wenyewe unakumbusha sheria ya Kumbukumbu la Torati iliyokataza kulima kwa ng'ombe na punda pamoja: kila mmoja ana mwendo wake, na jembe litakwenda upande. Mtu wa pwani, ambaye babu zake walilima kwa jembe la mkono, alilipata neno nira kitabuni kabla ya kukiona kitu chenyewe shingoni mwa mnyama. Huenda ndiyo sababu neno likageuka masikioni mwake: kwa mkulima wa Torati lilikuwa ni jina la kazi, na kwetu limekuwa ni jina la hofu. Tena msomaji akiutazama waraka ule kwa makini ataona kuwa ndoa haikutajwa pale. Mtume alikuwa akisema juu ya sanamu na ibada na ushirika wa watu kwa jumla. Aliposema juu ya ndoa yenyewe, katika sura ya 7 ya Waraka wa Kwanza, alimshauri mume mwenye mke asiyeamini asimwache maadamu mke huyo yu radhi kukaa naye. Na mjane alimwachia uhuru wa kuolewa na mtu wa hiari yake, madhali ni wa imani moja naye. Mipaka imo, hapana shaka. Lakini ndani ya mipaka mna hiari, na huyo huyo Paulo anayetajwa kwa kukataza anasahauliwa alipotoa shauri.

Yafaa pia tukumbuke jinsi Kanisa lilivyopata kuwa mshenga katika nchi zetu. Wakristo wa kwanza wa pwani, katika karne ya 19, walikuwa kwa sehemu kubwa watu waliotolewa utumwani. Bagamoyo, Mapadre wa Roho Mtakatifu walianza kazi mwaka 1868. Mombasa palikuwa na Freretown. Unguja misheni ya U.M.C.A. ilikuwa na Kiungani, shule ya wavulana, na Mbweni, shule ya wasichana. Vijana hawa hawakuwa na mjomba wala shangazi. Nani angekwenda kuwaposea? Misheni ikawa baba, ikawa mama, ikawa mshenga. Kijana aliyesomeshwa ualimu Kiungani alitazamiwa kumwoa msichana aliyelelewa Mbweni, na Bagamoyo waliofika umri waliozwa na kupewa mahali pa kujenga na kulima. Sithubutu kuwacheka watu wale. Aliyenyang'anywa ukoo wake alipata ukoo, na ndoa nyingi za namna hiyo zilizaa walimu na mapadre na wakunga ambao nchi iliwategemea. Lakini utaratibu unaomfaa asiye na jamaa haumfai mwenye jamaa tele. Mahali ambapo wazee, shangazi na marafiki wangaliko, na wote wana desturi ya kusema neno lao mtu anapooa, misheni ikijitwalia kazi ya ukoo mzima huwa imewanyamazisha watu walio hai. Hapo ndipo Ngũgĩ anapoanza hadithi yake.

Milima miwili ya Gikuyu, Kameno na Makuyu, imelala ikitazamana, na katikati unapita mto Honia. Makuyu ni makao ya Joshua na Wakristo wake. Kameno ni makao ya wale walioshika mila. Nyuma ya hadithi kuna mambo yaliyotokea kweli: mwaka 1929 misheni kadhaa katika nchi ya Wagikuyu, ile ya Kanisa la Scotland ikiwa mbele, ziliwataka waumini wao waikane tohara ya wasichana, na wengi wakaondoka makanisani na kusimamisha shule zao wenyewe. Hatari ya tohara ile kwa mwili wa mwanamke yajulikana, wala Ngũgĩ haifichi, maana Muthoni, binti mdogo wa Joshua, anakufa kwayo. Ila linalonihusu hapa si tohara. Ni mazungumzo.

Muthoni na dada yake Nyambura tunawakuta kwanza wakienda mtoni kuteka maji. Muthoni ana siri nzito: anataka kutahiriwa, akiwa bado Mkristo, ili awe mwanamke kamili kati ya watu wake. Siri hiyo haipeleki kwa baba, wala kwa mama, anampa Nyambura. Hapo ndipo penye urafiki wa kweli katika kitabu hiki, na naona kwamba wahakiki wamepapita upesi mno wakikimbilia mapenzi ya Waiyaki. Wasichana hawa wawili wanafanya kile ambacho imani yao ingetaka kifanywe: mmoja anasema lililo moyoni, mwingine anasikia kwa hofu, anamwonya, na hamwachi. Baadaye Muthoni anatorokea kwa jamaa yake mmoja wa kike aliyekaa Kameno, na Joshua anataka kujua aliko. Tazama anafanya nini. Anamtuma Nyambura amwambie nduguye arudi. Na asiporudi, ajue kwamba si binti wa nyumba ile tena. Rafiki wa pekee amegeuzwa mjumbe wa kufukuza. Sijui kama kuna ukatili mkubwa zaidi katika riwaya hii, nao unatendwa pasipo fimbo.

Joshua si mnafiki. Ngũgĩ amemtendea haki kwa kumfanya mtu aaminiye kila neno asemalo. Lakini imani yake imekula hata unyumba wake. Miriamu, mkewe, alitahiriwa kabla ya kuongoka, na Joshua anaona uchungu kwa jambo hilo. Anajitetea kwa Mungu katika sala kwamba kosa halikuwa lake, kwamba mke alitendewa hayo angali katika siku za ujinga wake. Fikiri, msomaji, mwanamume anayeomba radhi kwa Muumba wake kwa sababu ya mwili wa mke aliye naye chumbani! Amemchagua, amezaa naye, na bado anamhesabu kuwa ni doa katika daftari lake. Miriamu amejifunza kukaa kimya, na macho yake ndiyo yanayosema. Kwa hiyo binti zao wanalelewa katika nyumba ambayo ndani yake hawajapata kuona mume na mke wakishauriana. Wangejifunza wapi mwenzi ni nani?

Baada ya Muthoni kufa, Nyambura yu peke yake. Hapa ndipo ninapoachana na wale wanaosema kwamba Nyambura aliiacha dini kwa ajili ya mapenzi. Mwandishi anatuonyesha kinyume. Nyambura huenda kando ya Honia kusali, na ni katika sala Waiyaki anamwona. Anayafikiri maneno ya nabii Isaya juu ya mbwa-mwitu na mwana-kondoo kukaa pamoja, anauliza iwapo dini hiyo ya upendo ndiyo kweli inayomtenga na Waiyaki, naye hawezi kuamini kuwa ni hivyo. Anahoji kwa kutumia Biblia ya baba yake. Anaisoma sehemu ambayo baba hakuisisitiza, na kutokana na sehemu hiyo anaamua kwamba mtu wa ng'ambo ya mto aweza kuwa mwenzi. Huko si kuiasi imani; ni kuitumia imani katika uchaguzi, na kwa hakika ndiye mtu wa pekee katika kitabu anayefanya hivyo. Kamau naye alimtaka, naye alimkataa. Joshua anajua vema nani asiyefaa. Nani afaaye, na kwa nini, halimshughulishi.

Walakini uchaguzi wa Nyambura una ila yake, na ila hiyo Ngũgĩ hakuitazama kwa jicho kavu. Nyambura anamwona Waiyaki kuwa ni mwokozi, masihi wa mtu mweusi aliyekuja kwa ajili yake. Riwaya yenyewe, katika mswada wa kwanza, iliitwa kwa jina la masihi huyo. Sasa mwokozi ni mtu wa kupiga magoti mbele yake, na mwenzi ni mtu wa kukaa naye mkekani. Msichana aliyefundishwa kwamba mwanamume wa nyumba ni sauti ya Mungu amemkataa baba, kisha amempandisha mchumba kwenye kiti kile kile kilichoachwa wazi. Kwa kipimo cha imani yake mwenyewe hilo ni kosa kubwa kuliko kumpenda asiyekuwa wa kanisa. Angekuwa na rafiki, angeambiwa. Muthoni, kwa ulimi wake mwepesi, angemwambia kabla maji hayajajaa mtungini.

Upande wa pili wa mto hali ni ile ile, na hapa ndipo kitabu kilipo na nguvu yake kubwa. Waiyaki amekula kiapo cha Kiama cha kulinda usafi wa kabila. Kabonyi, anayemwandama, alikuwa kwanza mfuasi wa Joshua. Alitoka katika kanisa la Joshua, ila kanisa la Joshua halikumtoka yeye. Kiama kinamwuliza Waiyaki swali moja na lile Joshua angemwuliza Nyambura: uko pamoja nao au pamoja nasi? Kinamtaka amkane msichana. Nira ya Joshua na kiapo cha Kabonyi ni mti mmoja uliochongwa na maseremala wawili. Msomaji anayedhani kwamba ukali wa kuchagua rafiki uliletwa na wamisheni pamoja na misumari na sabuni, na asome mlango wa mwisho tena. Tofauti iliyopo ni ndogo, nayo yapendeza: Waiyaki ana Kinuthia. Kinuthia anamweleza waziwazi hatari ya Kiama, na anamwonya kwamba sifa zake mwenyewe zaweza kutumika kumwangamiza. Waiyaki anachelewa kusikia, lakini aliambiwa. Hapana katika kitabu kizima, baada ya Muthoni, mtu amwambiaye Nyambura neno la namna hiyo.

Jina la Njia Panda, kwa njia hiyo, lina hoja ndani yake, kuliko mtu angedhani kwa kuliangalia mara moja. Mto wa Ngũgĩ hutenga watu na pia huwanywesha maji mamoja. Asiyetaka kuchagua ng'ambo aweza bado kuteka. Njia panda haina huruma hiyo. Fisi wa methali alishindwa na njia mbili, kwa kuwa alitaka kwenda kotekote. Jina la Kiswahili limeiona riwaya kwa macho ya Kabonyi na Joshua, wanaosema lazima mtu ashike njia moja. Jina la kwanza limeiona kwa macho ya Muthoni. Nalipenda la kwanza zaidi, ingawa la pili huenda ni la kweli zaidi kwa yale yaliyowapata watu wale.

Tukivuka sasa kwenda Ukerewe, katika Rosa Mistika, tunakuta nyumba ya Kikatoliki. Majina ya watu yananukia ubani: Zakaria, Regina, Rosa, na jina la kitabu limetolewa katika litania ya Bikira Maria. Zakaria hata hivyo si Joshua. Ni mlevi, mtu aliyeharibikiwa, na katika dini amebakiwa na kitu kimoja tu, hofu ya binti kuharibika. Joshua ana imani isiyo na urafiki. Zakaria imani imemwishia na urafiki hakuwahi kuwa nao, ila fimbo anayo. Anapoipata barua ambayo kijana Charles amemwandikia Rosa, anampiga binti yake kipigo cha kuaibisha. Barua ile ilikuwa ni mwanzo wa mazungumzo. Palikuwa na kijana aliyeandika, palikuwa na msichana aliyesoma. Mzazi mwenye busara angekaa kitako akauliza, huyu ni nani, amesema nini, nawe waonaje? Zakaria alisoma barua akaona dhambi, wala hakuona mtu.

Shule ya masista ilikuwa ni ukuta wa pili baada ya ukuta wa kwanza. Rosa aliingia akiwaogopa wanaume, na hofu hiyo ikasifiwa kama adabu. Kezilahabi ni hodari sana katika sehemu hii: anatuonyesha jinsi hofu inavyofanana na wema kwa muda mrefu, hata mwenyewe asijue kuwa hana wema ila hofu. Ukuta ulipokwisha, Rosa hakuwa na kipimo cha kuwapimia wanaume. Aliyekatazwa wote hakufundishwa kumtenga mmoja na mwingine. Mara kitabu kilipotoka watu waliudhika, kikazuiliwa mashuleni kwa muda, kwa kuwa kilisema wazi mambo ya mwili. Nafikiri walioudhika waliitazama sehemu isiyo ya hatari. Sehemu ya hatari ni ile inayosema kwamba msichana yule alipotoka kwa kulindwa.

Lakini mtu wa kutazamwa zaidi katika habari ya uchaguzi ni Charles. Yeye ndiye aliyeandika barua ya kwanza. Alimpenda Rosa alipokuwa hana sifa nyingine ila ya kuwa Rosa. Miaka inapita, Rosa anarudi kijijini akitaka kuanza maisha mapya, na Charles yupo tayari kumwoa. Kisha anagundua kuwa si bikira, anamwacha, na Rosa anajiua. Wahenga walisema mchagua nazi hupata koroma. Charles alitaka jina lile la litania liwe limeandikwa mwilini mwa mchumba wake. Na hapa pana jambo ambalo Mkatoliki yeyote angepaswa kulihisi. Kanisa lake lina sakramenti ya kitubio, na padre akishamwondolea mtu dhambi hamrudishii tena usoni. Charles alidai hesabu ambayo padre mwenyewe asingeidai. Alijiona anachagua kwa kufuata dini, kumbe alichagua kwa kufuata desturi ya soko ambamo bidhaa iliyofunguliwa hushuka bei. Riwaya haituhubirii hayo. Inatuachia maiti ya Rosa tuitazame.

Kezilahabi anamalizia kwa kutupeleka mbele ya hukumu ya Mungu, ambako Rosa na Zakaria wanashitakiana. Niliposoma mwisho huo mara ya kwanza niliona kuwa mwandishi ameshindwa kufunga hadithi duniani akaikimbiza mbinguni. Sasa nasoma vingine. Baba na binti hawajapata kuzungumza katika kitabu kizima. Wamesemezana kwa fimbo na kwa kimya. Mbele ya Mungu ndipo kwanza kila mmoja anapata nafasi ya kusema lake, na mwenziwe akalazimika kusikia, na yupo mtu wa tatu anayewasikiliza wote wawili. Yale yaliyopaswa kufanyika barazani Namagondo, siku ile ya barua, yanafanyika wakati usiofaa kitu. Ni mwisho mchungu kuliko kifo chenyewe, na sioni njia nyingine ambayo mwandishi angaliweza kuupata.

Kuna la kuwalaumu waandishi hawa, nalo ni la pamoja. Wote wawili wamewapa mama zao nafasi ndogo mno. Miriamu ana macho, Regina ana mateso; hakuna aliyepewa sentensi ambayo binti angeweza kwenda nayo njiani. Najua jibu: ndivyo ilivyokuwa katika nyumba hizo. Sikubali kabisa. Wanawake wa Kikristo wa nchi hizi, katika vyama vyao vya sala na vikundi vyao vya kusaidiana, walikuwa na baraza ambalo baba hakuingia, na huko wachumba walichambuliwa kwa ukali wa ajabu, kwa sifa, kwa ulevi, kwa deni, kwa tabia ya mama mkwe. Baraza hilo halimo katika riwaya hizi. Lingekuwamo, hadithi zisingekuwa nyepesi. Zingekuwa na uzito wa namna nyingine, maana tungeona imani ikitoa shauri pale ambapo sasa tunaiona ikitoa amri tu.

Hata leo, ambapo makanisa mengi huwaita wachumba kwa mafundisho ya ndoa majuma kadhaa kabla ya arusi, mafundisho hayo huja baada ya uchaguzi kwisha kufanywa, mahari kwisha kuzungumzwa, na pengine kadi kwisha kugawanywa. Mwalimu huwaeleza watu wawili jinsi ya kubeba nira ambayo tayari iko shingoni. Juu ya kumchagua mtu, na juu ya lile linalotangulia, yaani kumchagua rafiki wa kukwambia ukweli juu ya mtu huyo, kijana huokota la kuokota.

Nyambura, usiku ule Waiyaki alipokuja Makuyu kuwaonya Wakristo kwamba watashambuliwa, na Joshua akamfukuza kama adui, alisimama mbele ya mkutano wa waumini akamshika mkono Waiyaki. Ni tendo la ushujaa, na baba yake akamkana papo hapo. Wengi wamelisifu tendo hilo, nami nalisifu. Ila naomba msomaji aangalie chumba kile kimejaa watu gani. Ni watu waliosali naye tangu utotoni, walioimba naye kila Jumapili, waliomzika nduguye mioyoni mwao kabla hajafa. Hatokei mmoja wa kusimama upande wake. Na kesho yake, kando ya Honia, Waiyaki na Nyambura walipokwisha kutiwa mikononi mwa Kiama, umati wote wa milima miwili ulirudi makwao gizani, kila mtu akiogopa kuiona hatia yake usoni mwa jirani, wala hapana aliyetaka kusema na mwenzake.